Pijo, gari la stesheni lililoipokonya stesheni abiria

"Japuonj, sasa niambie ukweli. Unataka nikurudishie hii gari ya mwaka gani?"

Niliulizwa swali hili na fundi mmoja mzee wa Nyalenda, Jumamosi asubuhi, akiwa amechuchumaa kando ya gari langu kuukuu chini ya mwembe hapa Milimani, mjini Kisumu. Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, nami humwita Jaduong' kwa kuwa amenipita umri. Nilidhani ananitania. Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya muundo wa stesheni wagoni, na kitabu chake kinasema lilisajiliwa 1982. Nikamjibu hivyo. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya makaratasi. Mimi nauliza, nitoe keria ama niwache? Nirudishe kiti ya nyuma ya kampuni ama hii benchi? Rangi nayo, ni ile ya kwanza ama ile ya pili?"

Wanasarufi wenzangu watakuwa wamegundua kwamba fundi anasema "hii gari" ilhali mimi nasema "gari hili". Tuyaache ya ngeli kwa leo. Swali lake ndilo lenye uzito, na nimelitafakari kwa majuma kadhaa. Ni swali la historia, na pia ni swali la lugha.

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kazi hii. Kuna kutengeneza, kitenzi cha kila siku kinachofaa redio, kiatu na hata ugomvi wa ndugu. Kuna kukarabati, ambacho aghalabu tumekitengea majengo na barabara. Mafundi wenyewe hupenda kufufua, kana kwamba gari lilikata roho. Vitenzi hivi vitatu vinahusu hali ya kitu: kilikuwa kibovu, sasa ni kizima. Lakini mwenye gari kuukuu anayetaka liwe kama zamani hutumia kitenzi cha nne, kurejesha, na hicho kina masharti. Huwezi kurejesha bila kusema unarejesha wapi, au lini. Fundi wangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, aliyaona masharti hayo kabla yangu.

Basi tuanze na jina la gari. Wamarekani ndio waliotunga jina hili mwanzoni mwa karne iliyopita. Palikuwa na magari yenye bodi ya mbao yaliyokwenda kwenye stesheni ya reli kupokea wageni pamoja na masanduku yao na kuwapeleka hotelini au majumbani. Lilikuwa gari la stesheni kwa maana halisi: mtumishi wa reli. Wafaransa nao waliliita "break", jina lililorithiwa kutoka kwa mkokoteni wa farasi, na lile lenye safu tatu za viti wakaliita "familiale", gari la familia.

Ukitafuta mji wa Kenya unaostahili kuitwa mji wa stesheni, Kisumu hautakosa kwenye orodha. Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Eneo hili lote wakati huo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda na likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki 1902. Mji ukakua kutoka gatini na stesheni kuelekea juu, na huku juu, penye upepo wa ziwa, ndiko walikojengewa maafisa wa serikali ya kikoloni. Ndipo pakaitwa Milimani, ingawa mtu aliyetoka Nandi au Kisii angecheka akiona "milima" yetu.

Hata kabla ya reli kufika, Kisumu ilikuwa imeshaanza kazi ya kuunganisha vyuma vya watu wengine. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa na kuletwa bara, sehemu ya njia kwa reli na sehemu kwa mabega ya wapagazi. Ilikuja kuunganishwa upya Kisumu na kushushwa majini 1900. Kwa hiyo mtu anayemwona fundi wa Nyalenda akipanga vipande vya injini juu ya gunia asidhani anaona jambo geni. Mji huu ulianza hivyo.

Lugha yenyewe inakubaliana nami. Kitenzi kuunda tangu hapo ni kitenzi cha wajenzi wa vyombo vya majini, na ndicho kilichotuzalia kiunzi. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Nauli ililipwa kwa nahodha kabla haijalipwa kwa makanga. Shehena ilipakiwa melini kabla haijafungwa kwenye keria. Waswahili walipoliona gari hawakubabaika, walilipa msamiati wa chombo.

Sasa tuje kwa Pijo. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa 1968, na mwaka uliofuata ikatuzwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Stesheni wagoni yake ilifuata 1971. Haikuwa saluni iliyoongezewa buti tu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulirefushwa kwa sentimita 16 na kufika mita 2.9. Kwa nyuma iliwekewa ekseli nzima iliyobebwa na springi nne, mbili kila upande. Anayetaka kujua kwa nini gari hili lilidumu barabara za Nyanza alale chini yake azihesabu springi hizo. Saluni ilikuwa na mbili.

Jina la Peugeot lilikuwa limeshajulikana hapa kabla ya 504. Mtangulizi wake, 404, ulishinda mbio za Safari Rally mara nne: 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki, 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968 yalimaliza magari saba tu. Kisha 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Sisi tuliokuwa watoto au vijana tukisimama kando ya barabara kumezwa na vumbi hatukuhitaji tangazo la biashara. Gari lililopita likiwa limevunjika taa zote na bado linanguruma lilikuwa tangazo tosha.

Serikali nayo ilichangia. Katika miaka ya sabini Kenya iliamua magari yaunganishwe humu nchini kutokana na vipande vilivyoagizwa, na viwanda vitatu vikaanzishwa Nairobi, Thika na Mombasa, serikali ikiwa na hisa. Peugeot zilikuwa zikiunganishwa Mombasa, na 504 iliendelea kutolewa Kenya kwa miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kutengeneza saluni na stesheni wagoni yake nyumbani 1983. Magari mapya kutoka nje yalizuiwa kwa sheria na kodi. Ndiyo maana mwalimu mkuu, daktari wa wilaya, mkandarasi na afisa wa serikali mwenye nambari ya GK, wote ungewakuta ndani ya Pijo. Halikuwa tu gari la mwenye kipato fulani, lilikuwa karibu sare ya kazi.

Lakini maisha ya pili ya Pijo ndiyo yaliyolipa historia. Mnamo 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu zilizokuwa zikihitajika. Magari yaliyokuwa yakijificha polisi yakatoka hadharani. Mjini yalitawala magari madogo na pikapu. Kwa safari ndefu alitawala Pijo: 404 kwanza, kisha 504 yenye safu tatu za viti. Kati ya Nairobi na Kisumu kuna takriban kilomita 350. Treni ya abiria iliondoka Nairobi jioni na kufika Kisumu asubuhi. Pijo liliondoka likijaa, na likifika mapema mno, abiria walishuka wakimshukuru Mungu zaidi ya dereva.

Hapo ndipo ninapoona kichekesho kikubwa cha jina lile. Gari lililobuniwa kuwa mtumishi wa stesheni, kumpokea abiria aliyeshuka kwenye treni, liligeuka kuwa mshindani wa stesheni. Likamngoja abiria huyo Nairobi, kabla hajanunua tiketi. Sisemi Pijo peke yake ndilo lililoiangusha reli. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilisambaratika pamoja na Jumuiya 1977, na reli yetu ikadhoofika kwa sababu zake. Safari za abiria za Kisumu zilififia hadi zikasimama kwa miaka kadhaa, zikarejeshwa Desemba 2021. Hata hivyo, abiria hakusubiri. Alikuwa ameshaketi safu ya tatu, magoti kidevuni.

Neno lenyewe likabadilika maana. "Umekuja na nini?" "Nimekuja na Pijo." Hapo mtu hakuwa akitaja kampuni ya Ufaransa, alikuwa akitaja namna ya kusafiri: ya haraka kuliko basi, ghali kidogo kuliko basi, na yenye hadhi kidogo. Wanaisimu wana jina la mchakato huu wa jina la chapa kugeuka nomino ya kawaida, lakini makanga wa stendi walikuwa mabingwa wake kabla yetu. Baada ya Pijo likaja "Nissan", yaani matatu ya abiria 14 hata ikiwa imeundwa na kampuni nyingine kabisa. Leo ukienda Kisii, Siaya au Homa Bay utaambiwa, "Panda Probox." Orodha ya majina hayo ni orodha ya vipindi vya historia ya uchumi wetu.

Kuna kazi moja ya Pijo ambayo vitabu vya magari havitaitaja, na ndiyo inayonirudisha kwenye keria. Mjaluo aliyefia Nairobi, Mombasa au Nakuru hurudishwa nyumbani. Uzito wa jambo hilo Wakenya wote waliusikia redioni 1987, wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Familia isiyokuwa na uwezo wa kukodi gari maalumu la maiti ilikodi Pijo. Jeneza lilifungwa kwa kamba juu ya keria, likafunikwa, tawi la majani likachomekwa mbele, na wafiwa wakaketi chini yake usiku kucha, wakiimba kwa zamu ili dereva asisinzie. Watu wengi wa umri wangu waliingia bomani mwao mara ya mwisho na baba au mama kwa njia hiyo. Mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo fundi anaponiuliza, "Nitoe keria?" haniulizi habari ya bomba nne za chuma.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nimeshajipangia jibu. Nairobi huwa na maonyesho ya magari ya fahari, Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970, ambako magari hung'arishwa hadi sehemu za chini ya injini. Nilitamani gari langu siku moja lisimame pale, jeupe, viti vya kampuni, bila mkwaruzo. Niliagiza sehemu kadhaa kutoka ng'ambo, na muuzaji mmoja akaniuzia kabureta aliyoiita mpya, kumbe imepakwa rangi tu. Nikajifunza kwamba hata usafi unaweza kuwa uongo.

Kisha siku fundi alipobandua zulia la nyuma, akanyamaza. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, kama inavyotarajiwa karibu na ziwa, na zamani za kale mtu alikuwa ameifunika kwa bati nene, akaishika kwa ribiti zilizopangwa sawasawa kama shanga. Fundi akapitisha kidole juu yake. "Huu mkono naujua," akasema. "Ni wa mzee aliyenifundisha kazi."

Mzee huyo alikuwa Singasinga, mmoja wa mafundi wa Kipunjabi waliokuwa na gereji hapa mjini, na amekwisha kufariki. Walioijenga reli waliletwa kutoka Bara Hindi kwa maelfu, wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki katika miji ya reli wakiwa wahunzi, maseremala na makanika. Bingwa wa Safari Rally wa 1965, 1974 na 1976, Joginder Singh, alizaliwa Kericho, mwendo mfupi kutoka hapa, na alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Mafundi hao waliajiri vijana wa Kijaluo na Kiluhya kubeba spana, na vijana wakajifunza kwa macho. Walipotoka waliweka kazi zao chini ya miti. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ililifanya jina la "sekta isiyo rasmi" livume duniani kote. Sisi tayari tulikuwa na jina letu, fupi na la kweli zaidi: jua kali.

Ukitaka kuiona historia hiyo yote kwa mara moja, fungua sanduku la spana la fundi huyu na umsikilize akiomba vifaa. Parafujo ni ya Wareno. Gari, rangi na bima ni za Bara Hindi. Karakana ni ya Kiajemi. Jeki, nati, breki na klachi ni za Waingereza. Bisibisi ni yetu. Kabureta na gereji tulizipata kwa Waingereza, lakini Waingereza nao walizitoa kwa Wafaransa. Kwa maneno mengine, Pijo lilipofika Kenya lilikuta baadhi ya maneno ya kwao yameshatangulia na kuchukua uraia.

Hapa sina budi kuikosoa taaluma yangu. Mnamo 1986 Rais Moi aliwaagiza wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na mnamo 1990 magari machache ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa umma. Yalitembea, lakini kiwanda hakikupatikana na mradi ukafifia. Katika miaka hiyo hiyo, chini ya miti ya Kisumu, watu wasiokuwa na shahada walikuwa wakiongeza maisha ya magari ambayo waundaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuyaacha. Siwabezi wahandisi wale, walifanya kazi kubwa kwa muda mfupi. Ninauliza tu: ni nani aliyekwenda kwa fundi na daftari? Sisi wa lugha tumekaa kwenye warsha hotelini tukibuni istilahi za sehemu za gari, na hatukumwalika hata mmoja wa wale wanaozishika kila siku.

Pijo liliondoka barabarani polepole. Katika miaka ya tisini soko lilifunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika kwa bei ambayo kiwanda cha kuunganisha hakingeweza kuishinda. Sheria za matatu za 2004, zilizoitwa kwa jina la waziri John Michuki, zilidai mikanda na vidhibiti mwendo, nazo zikampa abiria wa 14 kiti chake. Leo gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Kijana anayemsaidia fundi wangu anaifahamu Probox barabara: huchomeka kompyuta ndogo, akasoma hitilafu kwenye kioo. Mbele ya kabureta husimama kama mgeni. Mzee hutega sikio, akazungusha parafujo robo, akatega tena. "Umesikia?" humuuliza kijana. Kijana hutazama miguu yake.

Mzee ana zaidi ya miaka 70 na jicho moja lina mtoto. Hiyo ndiyo hasara inayonikosesha usingizi, si kutu.

Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Methali hii hutumiwa kuwatetea wazee, lakini tuitazame tena. Haisifu kamba kwa kuwa imefanywa iwe mpya. Inaisifu ikiwa na ukuukuu wake. Kwa Kiswahili kitu kuukuu ni kilichotumika hadi kikachakaa, na kitu kikongwe ni kilichoishi miaka mingi. Nilikuwa nikitaka gari kongwe lisilo kuukuu: umri bila matumizi. Hicho si chombo, ni picha ya chombo.

Jumamosi iliyopita nilimjibu fundi. Breki ziwe mpya kabisa, kwa sababu historia haisimamishi gari mteremkoni Mau Summit. Kutu itolewe, injini ifunguliwe yote. Benchi ya safu ya tatu ibaki. Ile bati ya ribiti ibaki, ipakwe tu dawa ya kutu, na isifunikwe zulia. Keria ibaki.

"Na mwaka?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Miaka yote, Jaduong'. Ila nina sharti moja. Kila utakachokigusa, utamwambia huyu kijana jina lake na kazi yake, na mimi nitakuwa nimeketi hapa naandika."

Akacheka, akamwita kijana wake. Tumeanza na kabureta. Daftari la kwanza limejaa maneno 61, na mengine kati ya hayo sijawahi kuyaona katika kamusi yoyote niliyo nayo. Nawaomba wenzangu wa idara za Kiswahili wafanye hivyo hivyo katika miji yao, kwa mashua, kwa cherehani, kwa mashine za kusaga. Makavazi yetu ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo lililojengwa ili vijana waone walikotoka. Ingefaa siku moja, langoni mwa boma lile, pasimame pia gari lililotufikisha nyumbani.